Fundo la Zbaida katika Kabati la Lalla Wasila

Ndugu, majirani, watumishi wenzake wa zamani wa mahakama, na nyinyi wanawake wa maktaba mliokaa leo katika ua huu ambao mmekuwa mkiukalia kila Alhamisi, leo ni siku ya tatu tangu Wasila binti Hedi Gharsalli apelekwe makaburini, na familia imeona ni haki kuyaeleza maisha yake kwa mpangilio, kwa tarehe na mahali, kama hati zinavyoonyesha, na pale ambapo hati hazipo itasema kwamba hazipo, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliishi hivyo na asingekubali kuagwa kwa maneno ambayo hakuna wa kuyathibitisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Kairuani, katika mtaa wa Watia Rangi, ndani ya nyumba hii hii, akiwa mtoto pekee aliyevuka utoto kati ya watoto wanne wa Mzee Hedi Gharsalli, aliyekuwa karani wa mthibitishaji wa hati, na Bi Mahbuba, mfumaji wa mazulia. Tarehe hiyo ndiyo iliyomo katika rejista, ingawa Bi Mahbuba alishikilia hadi mwisho wake kwamba binti yake alizaliwa majuma mawili kabla, siku aliyokuwa akilikata zulia kutoka mtamboni, na kwamba mumewe alichelewa kwenda kumwandikisha kwa sababu ya mvua. Familia imezipima kauli zote mbili, inamwamini mama, lakini inasoma tarehe ya rejista, maana ndiyo marehemu aliyoitumia katika kila karatasi aliyoitia sahihi.

Alianza shule ya msingi ya wasichana mwezi Oktoba 1957, akaendelea na sekondari hapa hapa mjini kuanzia mwaka 1963, na mwaka 1970 akaenda Tunis kusoma sheria, akahitimu mwezi Juni 1974. Masomo hayo yote yalilipiwa na mtambo uliokuwa ukisimama pale ukutani, mkono wa kushoto, ambapo leo pamewekwa rafu ya vitabu vya afya, na inajulikana kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba alikwenda kuketi kando ya mama yake akitaka kujifunza kufunga fundo la zulia, akafunga mafundo kumi na moja, na yote yakafunguka yenyewe kabla ya adhuhuri. Bi Mahbuba aliyatazama, akacheka, akamwambia, "Vidole vyako vimeumbiwa kalamu, binti yangu, uzi niachie mimi." Marehemu alikuwa akiisimulia habari hiyo kama kichekesho alipokuwa kijana, na kama majuto alipokuwa mtu mzima, kwa sababu hakurudi tena kuketi pale, na mama yake alipofariki mwaka 1992 aliondoka na nakshi ambazo hakuna mtu aliyeziandika.

Kuhusu kazi, aliajiriwa tarehe 3 Februari 1975 kama karani wa masijala, akatumikia mahakama mbili ambazo familia haitazitaja, akapanda hadi kuwa karani mkuu, na akastaafu tarehe 31 Machi 2008. Wengi wamesema katika siku hizi za msiba kwamba hakuwahi kukosea tarehe hata mara moja katika miaka thelathini na mitatu, lakini kumbukumbu zake mwenyewe zinaonyesha kwamba alikosea mara mbili, mwaka 1979 na mwaka 1994, na mara zote mbili alijiandikia barua ya onyo, akaitia sahihi na kuiweka katika jalada lake.

Jambo moja la kazini linapaswa kuelezwa, kwa kuwa bila hilo hakuna atakayeelewa yaliyofuata. Mwaka 1986, katika shauri la talaka, wakili wa mume aliwasilisha barua ambayo mke alikuwa amemwandikia dada yake kwa siri, barua ya mwanamke aliyechoka, yenye maneno ambayo mtu humwambia dada yake tu, ikasomwa mbele ya umati, na marehemu, akiwa karani wa siku hiyo, akaandika kila neno katika kumbukumbu za shauri. Mwanamke yule alinyang'anywa malezi ya watoto wake wawili. Baada ya miezi minne alikuja masijala kuomba arudishiwe barua yake, marehemu akalazimika kumwambia kwamba barua sasa ni mali ya jalada, na yule mwanamke, jina lake familia inalihifadhi, hakupandisha sauti, alisema tu, "Nilidhani nimemwandikia dada yangu, kumbe nilikuwa nakuandikia wewe." Marehemu hakuomba kamwe kuhamishwa kutoka masijala, lakini tangu siku hiyo hakuandika barua yoyote ya moyoni kwa mtu yeyote, na watoto wake, waliokuwa mbali kwa miaka mingi, wanazo kadi zake za sikukuu zenye tarehe, salamu na sahihi, basi.

Alifunga ndoa tarehe 22 Julai 1978 na Bwana Mukhtar Brahmi, mwalimu wa hesabu, ambaye alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye ameoa mara mbili mwanamke yule yule, mara ya kwanza mbele ya mthibitishaji na mara ya pili mbele ya Wasila, aliyeusoma mkataba mara nne huku wageni wakisubiri chakula, akagundua kwamba mwaka umeandikwa vibaya, na akaamuru uandikwe upya. Mungu aliwajalia watoto wawili, Insaf, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1980 na ambaye ni wakili huko Susa, na Nizar, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1984 na ambaye ni mhandisi wa maji. Bwana Mukhtar alifariki dunia tarehe 17 Agosti 2003, na marehemu alimkalia eda yake yote, akarudi kazini siku iliyofuata.

Maktaba hii ilifunguliwa Alhamisi, tarehe 6 Oktoba 2011. Gazeti moja limeandika juzi kwamba ilikuwa maktaba ya kwanza nchini iliyoanzishwa na wanawake kwa ajili ya haki na elimu ya wanawake, familia imetafuta uthibitisho wa dai hilo na haikuupata, na kwa hiyo inasema lile inaloweza kulisimamia, kwamba ilikuwa ya kwanza katika mtaa huu, na kwamba kabla yake mwanamke wa hapa aliyetaka kujua sheria ya mirathi inasema nini alilazimika kumuuliza mwanamume aliyekuwa na masilahi katika mirathi hiyo. Marehemu aliitoa nyumba ya mama yake, akaleta vitabu mia mbili na kumi na sita vyake mwenyewe, na kila Alhamisi kitabu kikasomwa kwa sauti kwa ajili ya wale wasiojua kusoma, safari hii sheria ya ndoa, safari ile maradhi ya kinamama, safari nyingine hadithi tu, kwa sababu wanawake waliomba wacheke pia. Baadhi ya mabwana wa mtaa walisema kwamba hapa panafundishwa talaka. Hesabu ya marehemu, aliyoitunza kwa makini, inaonyesha kwamba katika miaka sita ya kwanza wanawake waliodai haki zao baada ya kusikiliza usomaji walikuwa ishirini na wanane, kati yao waliodai mirathi ni kumi na tisa, malezi ya watoto sita, na talaka watatu.

Lakini hazina ya maktaba haikuwa vitabu vilivyonunuliwa, ilikuwa madaftari. Marehemu aliona kwamba mengi ya yale ambayo wanawake wa mji huu wanayajua hayamo katika kitabu chochote, akaomba kila mwanamke aandike, au aandikiwe, kile anachokijua, na wakaja, mkunga na visa vyake, mtia rangi na vipimo vyake vya maganda ya komamanga na mizizi, mjane na njia aliyopita hadi kupata hati ya nyumba. Na kwa kuwa wengi wao walikuwa wafumaji, ikazuka desturi ambayo haikuamriwa na mtu, kila mwenye daftari alilizungushia uzi wa sufu na kulifunga kwa fundo lake mwenyewe, fundo ambalo mfumaji mwenzake akilitazama tu anajua ni la nani, likawa ndio muhuri wake. Madaftari yaliwekwa katika lile kabati la mti wa mzeituni, na marehemu, ambaye hakuisahau barua ya mwaka 1986, akaandika katika masharti ya maktaba Kanuni ya Saba, isemayo kwamba daftari lililofungwa halifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa aliyelifunga, au kwa ruhusa yake ya maandishi, iliyotolewa mbele ya mashahidi wawili.

Miongoni mwa waliokuja alikuwamo Zbaida binti Amara, mfumaji, jirani wa ukuta mmoja na rafiki wa marehemu tangu utotoni. Zbaida alijifunza kusoma na kuandika katika ua huu akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, na alipochekwa kwa uzee wake alijibu, "Vidole hivi vimefunga mafundo hata mashetani wamechoka kuhesabu, herufi ishirini na nane ndizo zitanishinda?" Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Mei 2014, alileta daftari la karatasi ya miraba alilolijaza kwa mkono wake, fundo kwa fundo, mraba kwa mraba, nakshi arubaini na tatu za mama yake na za bibi yake, pamoja na jina la kila nakshi na nyumba ilikotoka, akalifunga kwa uzi mwekundu na kulikabidhi. Marehemu alimpa fomu ya ruhusa, akamwonyesha pa kutia sahihi, akamwambia alete mashahidi wawili. Zbaida aliikunja ile fomu akaitia kifuani, akasema, "Wasila, wewe siku Izraili akija utamtaka akuonyeshe kwanza hati ya kumtuma." Ua mzima ulicheka, na marehemu alicheka pia, kisha akaandika katika rejista, mbele ya jina la Zbaida, kwamba ruhusa haijatolewa. Zbaida alifariki dunia tarehe 23 Januari 2017, na fomu haikupatikana.

Mwezi Septemba mwaka huo huo mfanyabiashara mmoja wa mazulia aliandikisha nakshi saba kwa jina lake kana kwamba amezibuni mwenyewe, na akautaka ushirika wa wafumaji thelathini na mmoja, uliokuwa ukiongozwa na Habiba, binti wa Zbaida, uache kuzifuma au umlipe. Ushirika ulipinga. Wakili wao alihitaji kitu kimoja tu, maandishi yenye tarehe ya kabla ya hapo, yanayoonyesha kwamba nakshi zile zilikuwapo na zilikuwa za nani, na kila mtu katika mtaa alijua maandishi hayo yalipo, yalikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwa Habiba, katika kabati, ndani ya uzi mwekundu.

Habiba alikuja tarehe 1 Machi 2018. Alisema kwamba mama yake alimwambia kwa kinywa chake kwamba ruhusa ameiandika ndani ya daftari. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, akamweleza kwa upole kwamba kauli hiyo ni ushahidi wa kusikia, kwamba ili kujua kama ruhusa imo ndani ni lazima daftari lifunguliwe, na kwamba ili lifunguliwe ni lazima ruhusa iwepo kwanza, kwamba Kanuni ya Saba haisemi lolote juu ya warithi, na hata ingesema, warithi walikuwa wanne, na kaka mmojawapo, aliyekuwa akimuuzia sufu yule mfanyabiashara, alikuwa amekataa. Habiba alirudi mara ya pili, na mara ya tatu, na mara hiyo ya tatu hakuketi. Maneno yaliyosemwa siku hiyo marehemu aliyaandika mwenyewe, na familia inayasoma kama yalivyo.

"Khalti," Habiba alisema, yaani mama mdogo, kama alivyomwita tangu alipojua kusema, "mama alikuja hapa kutoa alichokuwa nacho. Umemzika mara mbili, na mara ya pili ni wewe peke yako."

"Sina mamlaka, binti yangu," marehemu alijibu.

"Ufunguo unao."

"Ufunguo si mamlaka."

Insaf, kwa kuwa ni wakili, alimshauri mama yake njia ya kati, kwamba alipeleke daftari mahakamani likiwa limefungwa na kumwachia hakimu aamue, na akamwambia, "Mama, mahakama si moto." Marehemu alijibu kwamba alikaa humo miaka thelathini na mitatu na anajua ni nini. Ushauri ule ulikuwa sahihi kisheria, marehemu alijua kwamba ni sahihi, na hakuufuata, na familia haitatafuta neno la kulipunguza hilo. Shauri lilisikilizwa tarehe 12 Aprili, na hukumu ikatolewa Alhamisi, tarehe 7 Juni 2018, dhidi ya ushirika, kwa sababu, kama ilivyoandikwa katika ukurasa wa nne, wadai hawakuleta maandishi. Alasiri ile usomaji ulikuwa juu ya haki za wafanyakazi wanawake, na wasikilizaji waliokuja, badala ya arubaini, walikuwa sita.

Ushirika ulibaki na watu kumi na wawili, kisha ukafungwa. Habiba aliuza mtambo wa mama yake akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha kufungasha pilipili, na hakukanyaga tena ua huu. Marehemu aliendelea kufungua mlango kila Alhamisi saa tisa alasiri kamili, na alipoulizwa na majirani alisema kwamba sheria haipimwi kwa shauri moja. Imedaiwa kwamba alikuwa na moyo mgumu. Familia inapinga dai hilo kwa sehemu, kwa sababu madaftari sitini na matatu yalikaa salama mikononi mwake, hakuna mume, ndugu wala mgeni aliyewahi kulisoma neno la mwanamke bila idhini yake, na wako waliokaa hapa leo ambao wanajua vizuri kilichomo katika madaftari yao na wanajua kwa nini wanalala usingizi. Lakini dai hilo halipingiki lote.

Mwaka 2019 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, na kuanzia mwezi Februari 2021 akawa anapelekwa hospitali mara tatu kwa juma kusafishwa damu. Huko nako alikuwa akiwasomea wagonjwa wenzake kwa sauti mpaka wauguzi wakazoea kumsogezea taa. Tarehe 25 Oktoba 2022, baada ya mvua kuvuja juu ya kabati, aliyatoa madaftari yote kuyaanika, na alipolishika daftari la Zbaida uzi ulibaki mkononi mwake vipande vipande, kwa kuwa nondo walikuwa wameula. Hakuna mtu aliyelifungua. Lilikuwa wazi lenyewe. Kanuni ya Saba haikusema lolote juu ya nondo, na marehemu alilifunika kwa kitambaa akakaa nalo siku tisa akijiuliza kama kusoma daftari ambalo halikufunguliwa na mtu ni kulifungua, akaandika hoja za upande huu na hoja za upande ule, kurasa sita, ambazo familia inazo. Siku ya tisa, Alhamisi, tarehe 3 Novemba, aliligeuza jalada. Ukurasa wa kwanza utasomwa baadaye kidogo, kama alivyoagiza. Muda wa rufaa ulikuwa umepita zaidi ya miaka minne.

Tarehe 10 Novemba 2022 alikwenda nyumbani kwa Habiba akiwa na daftari, kwa miguu, ingawa daktari alimkataza. Habiba alimkaribisha ndani kama mgeni anavyokaribishwa, akamwekea kahawa na sahani ya makrudhi, vile vitamu vya tende, akafuta mikono yake kwenye aproni, akausoma ukurasa ule kwa kusimama, kisha akalifunga daftari na kulirudisha. "Lirudishe kabatini," alisema. "Ndiko ulikopenda likae." Na alipokuwa akimsindikiza hadi mlangoni aliongeza, "Asante kwa kuja, Lalla Wasila." Marehemu alirudi akaandika kwamba katika miaka hamsini na mitatu Habiba hakuwahi kumwita Lalla, kwamba Lalla ni neno la heshima ambalo mtu humwita mke wa kadhi, na kwamba halina kosa lolote ndani yake la kuweza kulikatia rufaa.

Mwezi uliofuata aliifuta Kanuni ya Saba kwa mkono wake. Alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wenye madaftari walio hai waje wenyewe, waamue wenyewe, na hadi alipozidiwa wanawake kumi na saba walikuwa wamekuja na kuyafungua mafundo yao, na watano walikuja wakayaimarisha, jambo ambalo alilipokea kwa heshima ile ile. Madaftari ya waliofariki, ishirini na moja bila la Zbaida, hakuyagusa. Alisema kwamba mtu aliyekwisha kukosea katika jambo moja hafai kuwa mwamuzi wa jambo hilo hilo.

Alilazwa tarehe 5 Februari 2024 katika hospitali moja huko Susa. Muuguzi mmoja ameieleza familia kwamba alasiri ya tarehe 16 mwanamke wa makamo, mwenye alama za uzi katika vidole vyote viwili vya shahada, aliketi kando ya kitanda kwa muda wa saa moja hivi, wakati marehemu akiwa hajitambui, hakutaja jina, hakuacha ujumbe, akaondoka. Familia haina uthibitisho wa mwanamke huyo alikuwa nani, na haitamuuliza mtu yeyote aliyepo hapa. Marehemu alifariki dunia Jumapili, tarehe 18 Februari 2024, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, au kama tukimfuata mama yake, siku chache tu kabla ya kutimiza sabini na mitatu. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na ufunguo mmoja.

Aliacha wasia wa tarehe 11 Januari 2024, wenye mashahidi wawili, kama ilivyotarajiwa. Aliagiza kwamba leo, mbele yenu, ukurasa wa kwanza wa daftari la Zbaida usomwe kwa sauti, na hivi ndivyo ulivyoandikwa: "Mimi Zbaida binti Amara nimeandika haya mwenyewe. Anayeyahitaji na ayasome, awe wangu au asiwe wangu. Wasila, usinitafutie mashahidi. Nilikuwa sijui kuandika na wewe ndiye uliyenifundisha, basi shahidi wangu ni wewe."

Aliagiza pia kwamba ufunguo wa kabati awekewe Habiba mkononi, kama amekuja na kama anautaka, ili yeye na wanawake wengine watakaochaguliwa na ua huu wayafungue madaftari ya waliofariki, ukurasa wa kwanza tu wa kila moja, kutafuta kama mwenyewe aliacha neno, na lile linalokataza lifungwe tena. Familia imemwona Habiba tangu asubuhi, amekuja na sinia la kuskusi kama majirani wote, na ameketi pale palipokuwa na mtambo. Familia haimwombi msamaha kwa niaba ya marehemu, kwa sababu hakuna uwakilishi uliotolewa wa kufanya hivyo, na marehemu angekuwa wa kwanza kuliwekea jambo hilo pingamizi. Ufunguo uko juu ya meza. Usipochukuliwa leo utatundikwa kwenye msumari wa mlangoni, na kabati halitafungwa tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitatu, ambao walivumilia kila dawa kuulizwa tarehe yake, majirani wa mtaa wa Watia Rangi waliopika na kuosha vyombo kwa siku hizi tatu, watumishi wenzake wa masijala waliokuja kutoka miji miwili, na nyinyi sita ambao hamkukosa Alhamisi hata moja baada ya tarehe 7 Juni 2018.

Jambo la mwisho ni kwamba katika kabati hilo limekutwa daftari la sitini na nne, ambalo halimo katika rejista, jembamba, la marehemu mwenyewe. Ndani yake mna maneno yote mliyoyasikia yakisomwa hapa kama yake, na mengine ambayo hayakusomwa. Limezungushiwa uzi mwekundu mpya. Hakuwahi kujifunza fundo la zulia, na kwa hiyo amelifunga kwa lile pekee alilolijua, fundo la kamba ya kiatu, ambalo mtu yeyote, awe wake au asiwe wake, akiuvuta uzi upande mmoja linafunguka.

Lala kwa utulivu, Wasila binti Hedi. Hakuna hati inayosubiri sahihi yako.